Mchora suruali hatengenezi seva

Gemu la mtandaoni likitoa nguo mpya za wahusika, hukosi kusikia: "Seva (kompyuta zinazoendesha mechi) zinakwama, wao wanachora suruali!" Anayesema hivyo anadhani studio inayotengeneza gemu ni fundi mmoja mwenye nyundo moja. Siyo. Mchoraji wa suruali hajui hata msimbo wa seva umekaa wapi. Mhamishie huko uone: utapata hitilafu mpya, na suruali hupati.

Kinachogombaniwa hasa ni kalenda, na wale watu wanaolijaribu gemu kabla halijatufikia. Mhusika mpya lazima ajaribiwe pamoja na wote waliomtangulia, kwenye kila ramani (uwanja wa kuchezea), na mara nyingi wanaofanya kazi hiyo ndio haohao wa kuthibitisha kwamba hitilafu ya zamani imekufa kweli.

Mwaka 2017 Ubisoft, kampuni ya magemu, waliamua hadharani kulipa gharama ya kuutoa muda huo kwa ajili ya hitilafu. Katika Rainbow Six Siege, gemu lao la kufyatuliana risasi, msimu mzima walioupa jina Operation Health ulipita bila mhusika mpya wala ramani mpya. Hatua za kutafuta mechi zilipunguzwa. Mazungumzo ya sauti, ambayo awali yalipita moja kwa moja kati ya vifaa vya wachezaji, yakahamishiwa kwenye seva maalumu. Ramani ya Poland iliyokuwa imepangwa ikafutwa kabisa kabla ya kutoka, na wahusika wapya wa Hong Kong wakasogezwa msimu uliofuata. Wapo walionuna, na siwalaumu. Ramani iliyofutwa haijazwi na sauti isiyokatika. Ila wachoraji hawakuguswa: nguo ziliendelea kuuzwa dukani.