Jiwe Halipimwi kwa Kaboni

Haipiti wiki hapa Mombasa bila mtu kuniletea jiwe na kuniambia, "Lipime kaboni utwambie lina miaka mingapi." Mwenye kiwanja Nyali aliyechimba msingi akakuta kombe ndani ya mwamba, mfanyabiashara wa vito aliyeshuka kutoka Voi, mwalimu aliyetoka Fort Jesus na wanafunzi: ombi lao ni hilo hilo. Wengine huja na jibu tayari, eti jiwe lao limepimwa kaboni likaonekana lina miaka milioni mia kadhaa. Aliyewapa jibu hilo, na pengine akawatoza pesa, hakupima chochote.

Kaboni-14, ile aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole, hupima vitu vilivyokuwa hai: mbao, mkaa, mfupa, gamba. Mti ukiwa hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani. Ukifa, mapokezi hukatika, na iliyomo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Hesabu huanzia siku ya kufa. Granaiti haikuwahi kupumua wala kula, kwa hiyo haina siku ya kuanzia hesabu. Na hata kwa kilichokuwa hai, baada ya miaka 50,000 hivi kinachobaki ni kidogo mno, mitambo haiwezi tena kukitenganisha na uchafu wa maabara. Mtu akikwambia "milioni" na "kaboni-14" katika sentensi moja, mwulize amepima nini.

Hapo bwana wa Nyali hunikatiza: "Lakini matumbawe yalikuwa hai, na kombe lilikuwa hai." Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu. Tatizo ni umri. Mwamba tuliojengea kisiwa hiki, huo unaouona kwenye magenge ya Mama Ngina na katika machimbo ya zamani ya Bamburi, ni matumbawe yaliyoota baharini. Sehemu kubwa ya mwamba wa ufukweni huhesabiwa kuwa na miaka 125,000 hivi, wakati bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita 6 hadi 9. Tangu hapo kaboni-14 yake imeshagawanyika nusu kwa nusu zaidi ya mara 21. Katika kila chembe milioni tatu za mwanzo, haikubaki hata moja.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba maabara haitarudisha karatasi tupu. Mvua hupenya mwamba huu, huyeyusha chokaa na kuigandisha upya pamoja na kaboni ya siku hizi. Ikiingia asilimia 1 tu ya kaboni mpya, kipimo kitasoma kama miaka 38,000, hata jiwe likiwa na umri wa milioni tano. Namba itachapwa vizuri, itapigwa muhuri, na itakuwa si kweli. Mtu ataitundika ukutani.

Tumbawe lina kipimo chake, nacho ni urani na thori. Linapojenga mifupa yake, tumbawe huchukua urani iliyoyeyuka katika maji ya bahari, lakini thori karibu haimo kabisa majini. Kwa hiyo thori-230 utakayoikuta baadaye imezaliwa humo humo kutokana na urani, na kiasi chake kinakupa umri, hadi kama miaka 500,000. Sharti ni tumbawe libaki vile lilivyojengwa, yaani aragonaiti, madini ya chokaa ambayo tumbawe hujengea mifupa yake. Vunja kipande upate uso mpya, kisha ukitazame kwa lenzi ya mkono. Ukiona vile vijumba vidogo vya tumbawe bado vina kingo kali na jiwe ni jeupe lisilometa, lina matumaini. Ukiona vijumba vimejaa fuwele zinazometameta kama sukari, aragonaiti imeshageuka kalsaiti, madini mengine ya chokaa, na huenda urani imehama. Hilo liache, usipoteze pesa zako.

Lava nayo ina yake. Uwanda wa Yatta kule Tsavo Mashariki ni mkondo mmoja wa lava wa karibu kilomita 300, nao una umri wa miaka milioni 13 hivi. Hapo hutumika potasiamu na agoni: lava ikiwa bado ya moto, gesi ya agoni huponyoka, na ikishaganda, agoni inayozaliwa na potasiamu-40 hunaswa ndani. Nusu-maisha ya potasiamu-40, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni miaka bilioni 1.25, kwa hiyo muda upo wa kutosha. Lakini ukiniletea kipande cha lava ya Shetani, Tsavo Magharibi, ambayo ina mamia ya miaka tu, agoni haijajilimbikiza kiasi cha kupimika vizuri. Kwa lava changa namna hiyo afadhali utafute mkaa wa mti uliounguzwa chini yake. Mkaa huo, naam, upime kaboni.

Watu wa vito wana hoja yao: "Tsavoraiti yetu hutoka kwenye mwamba wenye grafiti, na grafiti ni kaboni tupu." Ni kaboni, lakini ni kaboni ya kawaida. Miamba ile ya Taita ilipikwa na kukandamizwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kaboni-14 iliyokuwamo ilikwisha zamani. Umri wake hutafutwa kwenye zirkoni, kwa urani inayogeuka risasi. Zirkoni ni madini sugu ajabu. Ya zamani kuliko zote zilizopimwa, kutoka Jack Hills huko Australia, ina miaka bilioni 4.4, na dunia yenyewe ina bilioni 4.54.

Lakini nayo ina mtego. Mchanga mzito wa Kwale, ule uliochimbwa titani, umejaa zirkoni. Ukipima punje moja utapata umri wa mwamba iliyotoka, huko bara. Hutapata siku mchanga ulipofika Kwale. Ndiyo maana mteja akiniuliza umri wa jiwe, mimi humwuliza: umri wa tukio lipi? Kuganda, kugeuzwa na joto, au kurundikwa hapo? Wengine huona nawazungusha, na inaniuma, kwa sababu bila swali hilo namba haina maana.

Mwalimu wa Fort Jesus ndiye aliyekaribia zaidi, bila kujua. Jiwe la ukuta ni la matumbawe na halitamwambia kitu kuhusu Wareno, walioanza kuijenga ngome mwaka 1593. Chokaa inayoshika mawe ni habari nyingine. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuu hupoteza kaboni yake ya kale. Fundi akishaitumia chokaa hiyo ukutani, inapokauka hunywa kaboni ya hewa ya wakati ule ule. Kwa hiyo chokaa ya ukuta wa kale inaweza kupimwa kaboni-14, mradi mpimaji aondoe kila kipande cha tumbawe ambacho hakikuiva. Kimoja tu kikibaki, ukuta utazeeka kwa karne kadhaa.

Ukitaka jiwe lipimwe, usilioshe wala kulipaka vanishi. Lipige picha likiwa bado shimoni pamoja na futi kamba, andika kina chake, na chora mshale kuonyesha upande uliokuwa juu. Jiwe lililokwisha kaa sebuleni mwaka mzima siwezi kulisaidia sana.

Kuna na madai mengine ninayoyasikia kila mara. "Linang'aa, kwa hiyo ni dhahabu." Mengi ninayoletewa ni ulanga: ingiza ncha ya kisu, utabanduka tabaka kwa tabaka. Yaliyobaki ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu. Likwaruze nyuma ya kigae cha sakafu, upande usio na rangi. Dhahabu huacha alama ya manjano, pairaiti huacha nyeusi yenye ukijani.

"Chini ya miguu yetu kuna bahari ya lava." Haipo. Chini ya ganda la dunia, hadi kina cha kilomita 2,900, ni mwamba mgumu, na tunajua kwa sababu mawimbi ya tetemeko yasiyopita katika kimiminika hupita humo. Unaoyeyuka ni sehemu chache tu, na kwa kiasi kidogo.

"Kisima kikitoa chumvi, chimba zaidi." Kisiwani ni kinyume. Maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Ukishuka zaidi unayafuata ya chumvi, na ukivuta kwa pampu kubwa unayapandisha.

Na hili la mwisho linaumiza watu: "Jiwe la matumbawe huchuja maji." Mwamba wetu una mapango na mifereji iliyochimbwa na mvua, na maji ya choo cha shimo yanaweza kufika kisimani kwa jirani bila kuchujwa. Kung'aa kwa maji hakuthibitishi kitu. Peleka sampuli ipimwe vijidudu, na hadi majibu yatoke, chemsha ya kunywa.