Eti nchi za joto hazikaliki kwa mgeni? Tuangalie ukweli

Mtu akipata kazi, masomo au mchumba kwenye nchi ya joto lazima atokee wa kumtisha, utasikia huko utaungua, huko hakulaliki, huko wageni hawamalizi mwezi wanarudi kwao mbio. Mi sisemi joto halipo, lipo na linaua, ila mengi yanayosemwa ni ya kukaririshana tu, na kibaya zaidi watu wanaogopa kisicho cha kuogopa alafu kile chenyewe cha kuogopa wanakiacha. Ngoja tuyapitie.

Dhana: karibu na ikweta ndo kuna joto kali kuliko kote

Hapana aisee. Ikweta inapata jua mwaka mzima ni kweli, lakini inapata pia mawingu na mvua nyingi, na mchana wake ni masaa 12 hivi siku zote, wakati nchi za mbali na ikweta zikiingia kiangazi jua linakaa masaa 15 au 16 linachoma tu. Rekodi ya dunia inayotambulika rasmi, 56.7°C ya tarehe 10 Julai 1913, ni ya Death Valley huko California, mbali kabisa na ikweta. Singapore ambayo ipo kama digrii moja na kidogo tu kaskazini mwa ikweta haijawahi kupimwa zaidi ya 37°C. Sasa linganisha na Uingereza, ndio hiyo hiyo ya masweta na manyunyu, tarehe 19 Julai 2022 ilifika 40.3°C pale Coningsby. Na Kanada je? Lytton, Juni 2021, 49.6°C.

Alafu kuna mwinuko, hiki watu wanakisahau kabisa. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6 na nusu. Quito ya Ecuador imekaa karibu juu ya ikweta yenyewe lakini ipo mita 2,850 kutoka usawa wa bahari, watu wanavaa majaketi. Nairobi mwezi wa Julai mchana unakuta digrii 22 au 23. Na Kilimanjaro ina barafu kileleni ikiwa digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo anayekuambia "nchi ile ni ya joto" bado hajakuambia kitu, muulize mji gani, uko juu kiasi gani na unaenda mwezi gani.

Dhana: angalia digrii kwenye simu utajua kama utaweza

Kwanza hizo digrii zinapimwa kivulini, kipimajoto kipo ndani ya kasha jeupe linalopitisha hewa, kwa hiyo ukisoma 33 hiyo sio ya wewe uliyesimama juani kwenye lami. Pili, na hii ndo kubwa, mwili haujipozi kwa kutoa jasho, unajipoza jasho likikauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote kwenye ngozi inaondoka na joto la karibu kilojuli 2,400, ni nyingi mno, lakini jasho linalodondoka chini halijakusaidia chochote, umepoteza maji bure. Sasa hewa ikishakuwa na unyevu mwingi jasho halikauki. Ndo maana digrii 32 yenye unyevu asilimia 40 mwili unaisikia kama 33 tu, ila digrii 32 hiyo hiyo ikiwa na unyevu asilimia 70 unaisikia kama 41. Namba ile ile kwenye simu, ila maisha mawili tofauti kabisa.

Wanasayansi wanatumia kipimajoto ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilicholowa, kinapima joto na unyevu kwa pamoja. Zamani ilikadiriwa kwamba mwanadamu mwisho wake ni 35°C ya kipimo hicho, lakini majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State yaliyotoka mwaka 2022 yalionesha hata vijana wazima wa afya kwenye hewa yenye unyevu mwingi wanaanza kushindwa kwenye 31 hivi. Kwa hiyo zipo siku na zipo sehemu ambazo ni joto kupita kiasi, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia, tusidanganyane. Ila ni siku fulani na masaa fulani, sio nchi nzima mwaka mzima.

Dhana: mtu wa baridi mwili wake haukuumbwa kwa joto

Hii ndo mama yao zote na ina historia ndefu. Karne ya 19 Wazungu walikuwa wanaita Afrika Magharibi kaburi la mzungu, wakiamini kwamba hewa ya joto yenyewe ndo inawaua. Waingereza wakawa wanavaa makofia magumu makubwa na wengine mpaka wanajifunga vitambaa vizito mgongoni eti kukinga uti wa mgongo na miale ya jua, yaani upo kwenye joto kali alafu unajiongezea blanketi! Kumbe muuaji mkubwa alikuwa mbu. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross akiwa India akaona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na hadithi ikaanza kubadilika. Angalia mfereji wa Panama, Wafaransa walianza kuuchimba mwaka 1881 wakaja kushindwa, watu kama 20,000 wakiwa wamekufa. Wamarekani wakachukua kazi mwaka 1904, daktari wa jeshi William Gorgas akahangaika na mbu, akafukia madimbwi, akafunika matangi ya maji, akaweka nyavu madirishani, na ndani ya miaka kama miwili homa ya manjano, nayo inaenezwa na mbu, ikaisha pale. Joto la Panama halikushuka hata digrii moja.

Na mwili wenyewe unabadilika, tena haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukikaa kwenye joto na kujishughulisha kidogo kidogo kila siku, ndani ya wiki moja mpaka mbili maji ya damu yanaongezeka, moyo unaacha kwenda mbio, jasho linaanza kutoka mapema na linatoka jingi zaidi, na cha kushangaza linakuwa na chumvi pungufu kwa sababu mwili umejifunza kuibakisha. Haijalishi umetoka Norway au Kongo, mashine ni ile ile. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ililijua hili tangu miaka ya 1930, wachimbaji wapya walikuwa wanakufa kwa joto chini ardhini mpaka ikawekwa utaratibu wa kuwazoesha kwanza kabla ya kuwapa kazi kamili.

Kwa hiyo hatari kubwa ni siku za mwanzo. OSHA, ambao ni wasimamizi wa usalama kazini Marekani, wanasema vifo vya joto kwenye kazi za nje kati ya asilimia 50 na 70 vinatokea siku chache za kwanza. Sio mwezi wa sita, sio mwaka wa pili! Na mgeni anafanya nini siku ya kwanza? Anatoka na mabegi saa saba mchana, anazunguka mji mzima, jioni anakwenda kukimbia. Ushauri wanaopewa waajiri kule kwa mfanyakazi mpya ni siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya kazi ya kawaida ya juani, kisha waongeze 20 kila siku. Hata kama hujaenda kufanya kazi ngumu, hesabu hiyo inakufaa tu.

Dhana: aliyezaliwa kwenye joto hana cha kuogopa

Hija ya Juni 2024 Makka ilikaribia digrii 52, walifariki watu zaidi ya 1,300, na kundi kubwa lilikuwa la Wamisri, watu waliotoka nchi ya jangwa. Mamlaka za Saudia zilisema asilimia 83 walikuwa hawana kibali na walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Kilichowaangusha sio walikozaliwa, ni kivuli, umbali na mapumziko. Na upande wa pili, wimbi la joto la Ulaya la mwaka 2003 liliua watu zaidi ya 70,000, wengi wao wazee, wakiwa makwao kwenye nchi zinazoitwa za baridi, nyumba zimejengwa kutunza joto na hakuna aliyejiandaa. Kuna wakati ni salama zaidi kuwa mgeni kwenye mji uliolizoea joto kuliko mwenyeji kwenye mji ambao haukulitegemea.

Rangi ya ngozi nayo watu wanaichanganya. Ngozi nyeusi inakinga miale inayounguza, hiyo ni kweli kabisa, lakini haikukingi na joto. Na mwenye ngozi nyeupe ajue kuungua na jua na kuzidiwa na joto ni vitu viwili, anaweza akaungua vibaya mlimani kwenye baridi, maana kila mita 1,000 miale hiyo inaongezeka kama asilimia 10, na mawingu mepesi yanaipitisha mingi tu. Losheni, kofia pana, mikono mirefu, basi.

Ndogo ndogo za mtaani

"Ukilala na AC hutazoea." Sio kweli, kulala kwenye ubaridi hakufuti mazoea ya mwili, na usingizi mzuri unakusaidia. Shida ni yule wa AC nyumbani, AC kwenye gari, AC ofisini, anakutana na joto dakika tano kwa siku alafu anashangaa mwaka umepita na bado anahema.

"Vaa nguo fupi upoe." Juani nguo ndefu nyepesi zinazopwaya zinashinda. Kuna utafiti wa mwaka 1980 kwenye jarida la Nature kuhusu kanzu nyeusi za Wabedui jangwani, wakakuta joto linalofika mwilini ni sawa ukivaa nyeusi au nyeupe, maana kinachofanya kazi ni ile hewa inayopita ndani ya nguo.

"Feni inatosha." Inatosha mpaka hewa ifike kama 40, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema ikizidi hapo feni inakupulizia joto tu.

"Kunywa maji tu, kadiri unavyoweza." Unywe ndio, lakini ukitoka jasho masaa mengi na unajaza maji matupu bila kula chochote chenye chumvi unaweza ukaishusha chumvi ya damu mpaka ukaumwa, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, zinafanana na za joto kwa hiyo mtu anazidi kunywa.

Na hii ya mwisho naomba isomwe vizuri: "kama bado anatoka jasho sio kiharusi cha joto", yaani ile hali ya mwili kuzidiwa na joto mpaka akili inavurugika. Uongo wa hatari sana huu. Aliyekuwa anafanya kazi au mazoezi anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa na joto la ndani limeshapita 40. Angalia akili, akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuyumba, kuwa mkali bila sababu au kuzirai, usisubiri ngozi ikauke, mpeleke kivulini, piga simu ya dharura, na wakati unasubiri mmwagie au mzamishe kwenye maji baridi kabisa kichwa kikiwa juu, usimnyweshe kama hajitambui. Wazee, watoto wachanga, wajawazito na wanaotumia baadhi ya dawa kama za kukojosha, za mafua zinazokausha na za magonjwa ya akili wanafika hapo mapema zaidi, kwa hiyo muulize daktari kuhusu dawa zako kabla ya safari na usiziache mwenyewe. Na ukishazoea alafu ukaenda likizo ya baridi mwezi mzima, ukirudi ujihesabu mgeni tena, maana mazoea hayo yanaanza kupotea ndani ya wiki moja tu.