Si kila mvinyo mkongwe ni bora

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai mvinyo mwekundu ukikaa zaidi huzidi kuwa bora. Si kweli. Kwa mfano, Rapsani, mvinyo mwekundu wa Ugiriki kutoka miteremko ya Mlima Olympus, huchanganya zabibu za Xinomavro, Krassato na Stavroto. Xinomavro ina tanini (kitu kinachokausha mdomo) nyingi na uchachu mkali, ndiyo maana hustahimili miaka. Mvinyo mingi haina nguvu hiyo, na hata huu hufika kilele kisha hushuka. Watu huchanganywa na bei za chupa chache za zamani.

Pima mwenyewe: mimina Rapsani ya mavuno ya miaka mitatu tofauti, ikiwa na nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi, kisha inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa rangi ya tofali ni umri tu, na mashapo si kasoro. Ukinusa siki, mvinyo umeharibika; ladha ya tunda ikiwa imetoweka kabisa, mvinyo umeshapita kilele. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo.