“Ploti ni Yake, Afanye Atakalo”: Yasemwayo Mtaani Kuhusu Ujenzi, na Yaliyo Katika Sheria

Tangazo lenyewe ni dogo kama kiganja. Hubanwa gazetini kati ya magari yanayouzwa na watu wanaotangaza kubadilisha majina. Husema kwamba mwenye ploti nambari fulani ya Nairobi, karibu na barabara fulani, anakusudia kubadilisha matumizi ya ardhi yake kutoka makao ya familia moja hadi fleti, na kwamba mwenye pingamizi aliandikie kaunti ndani ya siku 14.

Mtaani kwetu hakuna aliyeliona. Tulijua mambo siku tingatinga lilipoangusha ukuta. Kibao cha tangazo pia kilikuwepo, naam, kwenye lango, nyuma ya bogenvilia ambayo haikuwa imekatwa tangu mwenye nyumba afariki. Tukakutana jioni ile ile kwenye uwanja wa kanisa, kila mtu akisema kwa sauti ya anayejua. Nimekuwa nikisoma sheria hizi tangu siku hiyo, na mengi tuliyoambiana hayakuwa kweli.

“Ploti ni yake, afanye atakalo”

Hili lilisemwa na mzee mmoja aliyekuwa na Katiba mkononi kabisa. Ni kweli Ibara ya 40 inalinda mali ya mtu. Lakini ukifungua kurasa chache mbele utakuta Ibara ya 66, inayoiruhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa umma, afya, na mipango ya matumizi ya ardhi, miongoni mwa mengine. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 nayo inasema wazi kwamba hakuna ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mtu anayejenga fleti za mamilioni, faini hiyo ni kama ada ya kuegesha gari. Kinachouma hasa ni kuamriwa arudishe ardhi ilivyokuwa.

“Kanda zimeshapangwa, hawezi kuzidisha orofa”

Hapa panahitaji penseli. Mwongozo wa kanda za Nairobi wa 2004 hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya sakafu zote, orofa kwa orofa, ikilinganishwa na ukubwa wa ploti. Chukua ploti ya nusu ekari, takriban mita 2,000 za mraba, na tuseme vipimo vyake ni asilimia 35 na asilimia 75. Jengo halitazidi mita 700 za mraba pale chini, na sakafu zote zikijumlishwa hazitazidi mita 1,500. Anaweza kujenga orofa mbili pana au orofa nne nyembamba, lakini hesabu ni ile ile. Ukipata michoro, unaweza kukokotoa mwenyewe mezani kwako na kuona kama mjengo umevuka mpaka.

Mwongozo huo uliweka Kileleshwa na Kilimani katika kanda ya orofa nne zisizozidi, na fleti ziruhusiwe tu palipo na mabomba ya majitaka. Sasa tembea Kilimani leo uhesabu orofa. Utachoka shingo. Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja wala kwa tangazo moja kubwa. Yalikuja ploti baada ya ploti, na kila jengo refu lililopita likawa hoja ya lile lililofuata: “Mbona jirani ana kumi na mbili?” Kwa hiyo anayetegemea kanda ilinde mtaa wake bila yeye kuinuka kitini anategemea karatasi. Kanda inampa hoja ya kuandika, lakini barua ataiandika mwenyewe.

“Tukikusanya saini 500 tutawashinda”

Nilizunguka na karatasi ya saini mimi mwenyewe, mlango hadi mlango, kwa hiyo nasema haya bila kumcheka yeyote. Kupitia maombi ya ujenzi si uchaguzi. Afisa anatakiwa kupima ombi dhidi ya mipango iliyopo, afya, barabara na mahitaji ya jamii ya hapo. Saini 500 chini ya neno “Hatutaki” zinamwambia kwamba watu wana hasira, basi. Barua moja inayosema bomba la majitaka la barabara yetu ni la enzi za nyumba 20 na tayari hufurika kila Aprili, kwamba michoro inaonyesha fleti 64 na nafasi 30 za magari, na kwamba jumla ya sakafu imezidi kipimo cha kanda, hiyo inamlazimu kujibu. Ukiandika kwamba fleti zitaleta “watu wa aina ile”, umejiharibia mwenyewe, na ni haki yako kuharibikiwa.

Tena si lazima upinge mradi wote. Unaweza kukubali jengo na kudai masharti: orofa zipungue, madirisha ya upande wako yasiangalie chumba chako cha kulala, malori yasiingie alfajiri, ukuta wa mpakani ujengwe kwanza.

“Chama cha wakazi kilishatia saini, kwisha”

Chama cha wakazi kina nguvu ya watu, ila hakina mamlaka ya kutoa wala kuzuia idhini. Mwenyekiti akimpa mstawishaji barua ya “hatuna pingamizi”, amejifunga yeye na waliomtuma. Wewe bado unaweza kuandika kwa jina lako. Na kwa mambo ya mazingira, Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara.

“Bango la NEMA likishapachikwa, mambo yamekwisha”

Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ni kitu kimoja na idhini ya kaunti ni kingine. Mjenzi anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Na leseni hufutwa. Wanaotaka mfano waangalie Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, na leseni ya NEMA ikatolewa mwaka wa 2016. Watu wa Lamu wakakata rufaa, na Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo, sababu kubwa ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini huwezi kumwita mvuvi ukumbini kabla ya tathmini kukamilika, ukamsomea sifa za mradi, halafu ukaandika kwamba ameshauriwa kuhusu madhara ambayo hata hayajapimwa.

“Kaunti isipojibu, maana yake imekataa”

Kinyume chake. Sheria ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia mara tatu. Kimya cha ofisi humfaa mwombaji, na kimya cha jirani humfaa vilevile.

Idhini ikitolewa na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Kamati nayo ina siku 14 za kuamua. Bado hujaridhika, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Peleka nakala mbili za kila barua na urudi na moja yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Sisi tulipeleka moja tu, na baadaye hatukuwa na cha kuonyesha.

“Hayo ni mambo ya matajiri wa Karen na Runda”

Nenda Pipeline, Embakasi, uone chumba ambacho taa huwaka saa sita mchana kwa sababu dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Kama kuna mahali palipohitaji mtu wa kuuliza kuhusu nafasi kati ya jengo na jengo, ni pale.

Na wasio na hati za ardhi wameshaonyesha njia. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya takriban 100,000. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walipanga wakazi kuanzia makundi ya nyumba kumi kumi, makundi yakatoa wajumbe, na wajumbe wakaketi na wataalamu kujadili barabara zipite wapi na maji yatoke wapi. Mabishano hayakukosekana, hasa barabara ilipopitishwa juu ya kibanda cha mtu. Ila huyo mtu alikuwepo wakati mstari unachorwa.

Mtaani kwetu, jengo lile sasa lina orofa tisa na linaendelea. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, amechukua jukumu la kusoma ule ukurasa wa matangazo madogo kila asubuhi, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Juzi alinipigia saa moja kasoro. “Uko macho? Ploti ya pembeni mwa zahanati. Tangazo ni la jana.”