Infrangible na frangible: herufi mbili zinazogeuza maana

Katika tafsiri zinazoletwa kwenye dawati letu la uhakiki, hasa lebo za bidhaa, mikataba na maelezo ya ujenzi, neno la Kiingereza infrangible linaendelea kukosewa. Maana yake ni kisichoweza kuvunjika. Likisifu haki au ahadi, maana ni isiyofaa kuvunjwa.

Asili yake ni Kilatini: in- ya kukanusha, frangere yaani kuvunja, na -bilis ya uwezekano. Liliingia Kiingereza karne ya 16. Fragile, fraction na fracture ni ndugu zake.

Kosa zito ni kutojali kama in- ipo au haipo. Nguzo za taa zilizo karibu na njia ya kurukia ndege hutakiwa ziwe frangible: ndege ikizigonga, zivunjike au zilale upesi, zisiipasue. Ukiandika "nguzo zisizovunjika" umeagiza mtego wa chuma pale pale ndege inapotua. Tafsiri ya namna hiyo hairekebishiki kwa kufuta neno moja. Inabidi isomwe upya yote.

Wapo wanaobisha kwamba in- haikanushi, kwa kuwa inflammable ni kinachoshika moto. Jamani, hiyo ni in- nyingine kabisa. Imetoka katika inflammare, kutia moto, na hapo haikanushi chochote. Fungueni kamusi kabla ya kubishana.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Bilauri huvunjika, kamba hukatika, nguo huchanika. Kamba ya nanga ikisifiwa kuwa infrangible, andika "isiyokatika". "Kamba isiyovunjika" haisemwi Unguja wala Pemba. Tazama pia viambishi: "haivunjiki" hueleza uwezo wa kitu, "haivunjwi" hueleza katazo kwa watu. Mkataba unaosema haki "haivunjiki" umemwachia mvunjaji mlango wazi, maana haki huvunjwa kila siku. Hapo andika "isivunjwe".

Unapoleta tafsiri, leta matini asilia yote, si ukurasa mmoja uliokatwa. Pigia mstari kila kivumishi cha namna hii, na pembeni andika nomino kinayoisifu. Ukimaliza, funika Kiingereza, usome Kiswahili peke yake kwa sauti. Kisha kifunue, ulinganishe kanushi kwa kanushi, sentensi kwa sentensi. Idadi zisipolingana, rudi kwenye sentensi hiyo kabla hujaja dawatini, kwani sisi tutaanzia hapo hapo.