Bidii Inayoharibu Ngozi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mazoea ya Kila Siku

Mtu anayelalamikia ngozi kavu, chunusi zisizokoma au madoa usoni mara nyingi si mzembe hata kidogo. Huoga mara mbili kwa siku, husugua, hupaka, hubadilisha sabuni na kufuata kila ushauri anaousikia, na si ajabu bidii hiyo hiyo ikawa chanzo cha yanayomsumbua. Dhana zinazojadiliwa hapa zimedumu kwa sababu kila moja ina chembe ya ukweli, au kwa sababu matokeo yake ya siku za mwanzo hupendeza, huku madhara yakija wakati mtu ameshasahau alianza lini.

"Ngozi ikivuta baada ya kuoga, ndiyo imetakata"

Hisia hiyo ya kuvuta, ambayo huanza mashavuni na miguuni mtu akiwa hajamaliza hata kujifuta maji, ni dalili kwamba ngozi imenyang'anywa kitu ilichokuwa inakihitaji. Tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo katika sehemu kubwa ya mwili ni jembamba kuliko karatasi, limejengwa kwa seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na katikati yake pamejazwa mafuta maalumu yanayoshika nafasi ya saruji. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotee hewani, na ndiyo yanayozuia vijidudu na vitu vyenye kuwasha visipenye. Sabuni haijui kutofautisha mafuta ya uchafu na mafuta ya ngozi. Huondoa yote, na maji ya moto huirahisishia kazi. Isitoshe, uso wa ngozi una asidi kidogo, yaani pH (kipimo cha asidi, ambacho hupungua asidi inapozidi) ya karibu 5, ilhali sabuni nyingi za kawaida za kipande zina pH ya kati ya 9 na 10, kwa hiyo kila zinapotumika hali hiyo huvurugika kwa muda.

Anayeoga maji ya moto kwa muda mrefu, asubuhi na jioni, hajipi nafasi ya kurejesha alichopoteza. Ngozi huanza kupauka, kisha huwasha, kisha hukunwa, na mwenye pumu ya ngozi huona ugonjwa ukiamka upya. Maji ya vuguvugu na dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni inahitajika zaidi makwapani, kinenani, miguuni na mahali palipochafuka kweli; mikono na mgongo wa mtu aliyeshinda ofisini havina haja ya kupakwa povu kila siku. Baada ya kuoga, taulo lifute kwa kugusa tu bila kusugua, na mafuta au losheni ipakwe ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Hapo ndipo wengi wanapokosea bila kujua, kwani mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi bali hufungia yaliyopo, na anayeyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka hupata faida ndogo kuliko anayostahili.

Sabuni zinazouzwa kwa ahadi ya kuua vijidudu zinaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya aina hiyo, ikiwemo triklosani, katika sabuni za kunawia za matumizi ya kawaida, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu, na kwamba zinakinga maradhi kuliko sabuni ya kawaida na maji. Ngozi yenye afya ina bakteria wake, na wengi wao ni walinzi wanaowanyima nafasi bakteria wabaya.

"Weusi wa shingo, viwiko na magoti hutolewa kwa kusugua"

Ngozi hujivua yenyewe. Kwa kijana mwenye afya, seli mpya husafiri kutoka chini hadi juu na kudondoka kwa takriban wiki 4, bila msaada wa dodoki gumu wala chembechembe za sukari. Msuguano wa kila siku huijeruhi ngozi, nayo hujibu kwa kuwa nene na kuongeza rangi, ndiyo maana kiwiko kinachosuguliwa sana huzidi kuwa cheusi.

Shingo ina habari yake. Wapo watu wenye utepe mweusi nyuma ya shingo, ulionenepa kidogo na wenye kugusika kama kitambaa cha mahameli, nao huusugua mpaka ngozi ikachubuka wakidhani ni uchafu sugu. Mara nyingi huo si uchafu kabisa. Ni hali ya ngozi inayoambatana na mwili kushindwa kuitikia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na huonekana pia makwapani. Anayeuona, hasa kama uzito wake umezidi, anahitaji kupima sukari, na kumcheka mtoto mwenye shingo hiyo kuwa haogi ni kumwonea.

"Chunusi ni uchafu, na dawa yake ni kukamua"

Chunusi huanzia ndani. Homoni huchochea tezi kutoa mafuta mengi, seli zilizokufa huziba tundu la unyweleo, bakteria huongezeka humo, na mwili huitikia kwa uvimbe. Hata kile kidoto cheusi kinachoonekana puani si vumbi. Ni mafuta na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, vilivyogeuka rangi baada ya kukutana na hewa. Kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini kunatosha, na zaidi ya hapo ni kuichokoza ngozi.

Kuhusu kukamua, inafaa kuangalia kinachotokea chini ya kucha. Vidole viwili vinapobana, kinachotoka juu ni kidogo tu. Shinikizo hupasua ukuta wa tundu kwa ndani, na mchanganyiko wa mafuta, bakteria na usaha humwagika kwenye nyama ya ngozi inayolizunguka. Kesho yake uvimbe huwa umepanuka, na kwa watu wenye ngozi nyeusi doa linalobaki huweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Watu hulalamikia doa wakaisahau kucha. Dawa zenye benzoili peroksaidi, asidi ya salisiliki au adapaleni hufanya kazi, lakini zinahitaji wiki 6 hadi 12, na wengi huziacha katika wiki ya pili kwa kukata tamaa.

Dawa ya meno ambayo wengine huipaka kwenye chunusi huichoma ngozi na kuikausha, si zaidi ya hapo. Limau na ndimu ni hatari zaidi, kwa kuwa juisi yake ina asidi kali yenye pH ya karibu 2, na ndimu hasa ina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huweza kuleta malengelenge na madoa ya kahawia ya muda mrefu. Kwamba kitu kimetoka mtini hakukifanyi kuwa salama, na upupu nao ni mmea.

Kwa upande mwingine, ngozi ya mafuta nayo huhitaji losheni, hasa mtu anapotumia dawa za chunusi zinazokausha. Achague nyepesi isiyoziba vitundu, na awe mwangalifu na mafuta ya nazi usoni. Ama kunywa maji mengi, ni jambo jema kwa mwili, lakini kwa mtu asiye na upungufu wa maji glasi za ziada hazitibu ngozi iliyopauka.

"Kunyoa huzifanya nywele ziwe nene"

Wembe haufiki kwenye shina la nywele, hivyo hauwezi kubadilisha unene wake. Ncha iliyokatwa huwa butu, ndiyo maana hukwaruza. Tatizo halisi la kunyoa ni vipele vya kidevuni na shingoni, ambavyo huwapata zaidi wenye nywele za kipilipili, kwa sababu nywele iliyokatwa chini sana hujikunja na kuchoma ngozi inaporudi. Kunyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele, bila kuivuta ngozi, na kwa mashine inayoacha nywele fupi badala ya kuzimaliza kabisa, hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

"Ngozi nyeusi haihitaji kujikinga na jua"

Dhana hii ina chembe kubwa ya ukweli. Melanini ni kinga, na ngozi nyeusi sana inakadiriwa kuwa na ulinzi wa asili unaokaribia wa losheni yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 13. Saratani ya ngozi ni nadra zaidi kwa watu weusi kuliko weupe. Lakini kinga hiyo haijakamilika, na kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ana melanini kidogo mno au hana kabisa, haipo. Yeye anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni tangu utotoni, na hilo kwake si la urembo.

Kwa wengine hasara inayoonekana haraka ni madoa. Miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ya aina ya A, pamoja na mwanga unaoonekana, huchochea ngozi kutoa rangi zaidi, hivyo anayetumia krimu ya kuondoa madoa huku akitembea juani bila kinga anajaza maji kwenye pakacha. Miale hiyo hupenya kioo cha dirisha, na hadi asilimia 80 ya urujuanimno huweza kupita kwenye mawingu mepesi. Losheni ya SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya aina ya B, na ya SPF 50 asilimia 98. Tofauti kubwa zaidi hutokana na kiasi kinachopakwa. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili mizima ya losheni kwenye kidole cha shahada na cha kati, kisha kupaka tena kila baada ya saa 2 ukiwa juani. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kivuli ndicho bora, tena ni cha bure.

Jua pia halielezi kila kitu. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, iliyoanzia kwenye kidole cha mguu, mahali ambapo jua halikuwa sababu. Kwa watu weusi melanoma hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha, kwa hiyo doa jipya la sehemu hizo linalokua, au mstari mweusi wa ukucha unaopanuka, lionwe na daktari.

"Mkorogo hung'arisha ngozi tu"

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote zilizotangulia. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi kali (dawa za kupunguza uvimbe) kama klobetasoli, au kemikali ya kupunguza rangi iitwayo haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi huipa ngozi mng'aro wa haraka, kisha huifanya nyembamba, ikajaa michirizi, chunusi na mishipa inayoonekana, na kidonda kikitokea hupona kwa taabu. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha madoa ya rangi ya bluu iliyoiva kwenye mashavu, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Zebaki huharibu figo, na huwafikia hata watoto wa nyumbani kupitia mvuke na taulo wanazochangia. Mkataba wa Minamata, ambao ni wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo, lakini bado vinauzwa. Maelezo ya kopo yakikutaka usiiguse dhahabu, fedha au aluminiamu unapopaka, una kila sababu ya kushuku.

Anayetaka kuacha krimu yenye steroidi asiikatishe ghafla kama ameitumia kwa miezi mingi, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka, kuvimba na kuchubuka, na mateso hayo ndiyo huwarudisha wengi kwenye kopo. Daktari wa ngozi humpunguzia hatua kwa hatua na kutibu yanayojitokeza. Aende na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, na ataje kila alichochanganya humo bila kuficha, maana matibabu hutegemea kujua kilichopakwa.