Mwezi wa tatu ndio mgumu

"Daktari, shida si dawa. Nikimeza alfajiri, nikifika Gikomba natapika. Nani atampa mzigo mtu anayetapika?"

Aliyeniambia hivyo ni kijana wa kubeba mizigo aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa matibabu ya kifua kikuu. Mezani alikuwa ameniwekea tembe za siku tisa, hazijaguswa. Hakuwa amesahau hata siku moja. Kila asubuhi alizitazama, akapiga hesabu, akaziacha. Zamani ningemwonya, nikaandika kwenye faili kwamba ameelezwa umuhimu wa dawa, akaenda zake. Nimekaa kwenye kliniki za TB huku Eastlands, Nairobi, muda wa kutosha kujua kwamba onyo halimsaidii mtu kumeza tembe.

Nianze na swali ambalo wagonjwa huniuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho tu: kwa nini miezi sita, ilhali kikohozi kimekwisha?

Bakteria wa TB ni wavivu wa kuzaana. Mmoja huchukua takriban saa 20 kugawanyika kuwa wawili. Bakteria wengine wengi humaliza kazi hiyo kwa chini ya saa moja. Dawa huwapata kwa urahisi wale walio macho, wanaokula na kuzaana, na hao hufa kwa wingi wiki za mwanzo. Ndiyo maana homa inashuka, jasho la usiku linakatika na uzito unapanda. Wanaobaki ni waliolala. Dawa iitwayo rifampisini humwahi anayeamka kidogo, nyingine, pirazinamidi, huwafuata waliojificha penye asidi, lakini kuwamaliza wote ni kazi ya kungoja. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza tunatoa dawa nne, hizo mbili pamoja na isoniazidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi.

Kuna hesabu nyingine iliyo chini ya hiyo. Katika bakteria milioni moja hivi, mmoja huzaliwa tayari akiwa sugu kwa isoniazidi. Kwa rifampisini ni mmoja katika milioni mia hivi. Tundu moja ambalo TB imelichimba kwenye pafu linaweza kuwa na bakteria milioni mia au zaidi, kwa hiyo dawa moja peke yake itakuta mtu wa kuishinda. Zikienda mbili kwa pamoja, uwezekano wa bakteria mmoja kuzikwepa zote ni mdogo sana. Leo dawa hizo hutengenezwa ndani ya tembe moja ili mgonjwa asichague ameze ipi na aache ipi.

Na miezi sita yenyewe ni nafuu. Kabla yake matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine zaidi. Kuanzia mwaka 1970, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walijaribu matibabu mafupi kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na ikaonekana kwamba panapokuwa na rifampisini, miezi sita inatosha kuponya walio wengi. Mara nyingi huwaambia wagonjwa wangu habari hii. Napenda wajue kwamba watu wa huku kwetu walichangia kuufupisha mzigo wanaoubeba wao leo.

Sasa mwezi wa tatu. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa ana hofu, jirani anamwonea huruma, na kliniki tunamwona kila wiki. Ukifika wa tatu, kilo zimerudi, tunamwona kila baada ya wiki mbili, na mwenye kazi anauliza amepona au hajapona. Mwili unamwambia amepona. Hapo ndipo tembe huanza kubaki.

Halafu kuna chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona ndipo tunapokosea zaidi. Sisi tunasema meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye, kwa kuwa rifampisini na isoniazidi huingia mwilini vizuri zaidi hivyo. Mtaani wanasema dawa hii ni kali, inataka chakula. Mgonjwa anawaamini wa mtaani, kwa sababu tumbo lake linakubaliana nao. Njaa ya mtu anayepona TB si njaa ya kawaida. Mwili unadai nyama yote iliyopotea. Mwenye kushindia chai ya rangi na mandazi mawili anajua akimeza, siku yake itakuwa kichefuchefu juu ya njaa. Basi siku isiyokuwa na chakula inakuwa siku isiyokuwa na dawa, na hakuna anayetuambia kwa sababu hatuulizi amekula nini. Ukweli ni kwamba kumeza pamoja na chakula kidogo ni bora mara nyingi kuliko kuacha. Hilo ningetaka liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila kadi.

Mkojo na jasho kugeuka rangi ya chungwa ni kazi ya rifampisini na hakudhuru, lakini mtu asipoambiwa mapema atadhani ni damu. Aibu nayo ni kubwa. Kwenye chumba kimoja cha familia nzima huna pa kuficha pakiti, na watu wengi bado wakisikia TB wanasikia ukimwi. Kuhusu pombe nitasema moja tu: tunapomwambia mtu asichanganye, kwa ajili ya ini lake, wengine huacha kimoja Ijumaa jioni, na mara nyingi si pombe.

Nchi hii imewahi kujaribu kutumia nguvu. Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa TB waliokatiza dawa walihukumiwa kukaa gerezani miezi minane ili watibiwe humo, wakaachiliwa baada ya wiki kadhaa. Machi 2016 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema kifungo hicho kilikuwa kinyume cha Katiba. Nilifurahi, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Gereza lililojaa ni mahali pabaya mno pa kumweka mwenye TB, na mgonjwa anayeogopa pingu hatanirudishia tembe za siku tisa mezani. Atazitupa chooni na kuniambia amemaliza.

Kwa hiyo siku hizi siulizi, "Umekunywa dawa zote?" Swali hilo lina jibu moja. Nauliza, "Wiki hii ni siku gani iliyokuwa ngumu?"

Yule kijana nilimtazama macho kwanza kama yana manjano, kwa sababu kutapika kunaweza kuwa ini linalolia, na nikamwagizia kipimo cha damu. Ini lilikuwa sawa. Tukapanga upya saa: dawa hizi hazijali alfajiri wala usiku, mradi zimezwe kila siku wakati ule ule. Sasa anameza saa nne usiku, saa mbili baada ya kula, na kichefuchefu kikija kinamkuta amelala. Zile siku tisa tumeziongeza mwishoni. Nikamweleza pia kwamba akikosa dozi asimeze maradufu kesho yake. Aendelee kama kawaida, aniambie.

Wiki mbili baadaye alirudi akataja mwenyewe siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Alikuwa ameenda matangani Machakos, akafikiri angerudi jioni ile ile, tembe zikabaki Nairobi. Nikamkatia kipande chenye dozi za siku mbili, akakitia kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.